Namna ya kuandika wasifu wa jenerali wa Kiingereza ukiwa Dodoma

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha tano huchagua mtu wa Vita Kuu ya Kwanza wa kumwandikia wasifu, na majemadari ndio wanaogombewa. Siwazuii. Jenerali kaacha karatasi nyingi, na mwanafunzi mwenye simu na bando anaweza kumfuata tangu uluteni hadi kifo chake. Ninachowadai ni kimoja: maisha ya huyo bwana yaandikwe pamoja na nchi aliyoipitia.

Kwanza jua alikuwa wa jeshi gani. Van Deventer, aliyeiteka Kondoa Aprili 1916 na Dodoma tarehe 29 Julai mwaka uleule, wengi humwita jenerali wa Waingereza. Ni kweli aliongoza majeshi yao, lakini yeye alikuwa Kaburu aliyepigana na Waingereza haohao katika vita vya 1899 hadi 1902. Habari za ujana wake zitafute Afrika Kusini.

Mimi hupenda kufundishia kwa Arthur Reginald Hoskins, Mwingereza hasa. Alizaliwa 1871, akaingia kikosi cha North Staffordshire, akatumikia jeshi la Misri, na kabla ya vita akawa mkaguzi mkuu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, Keya waliotajwa na babu zetu. Januari 1917 Jenerali Smuts, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Waingereza huku, alipoitwa London, Hoskins akakabidhiwa majeshi yote ya Afrika Mashariki. Mei akaondolewa, nafasi ikaenda kwa van Deventer. Miezi hiyo michache ndiyo ninayotaka mwanafunzi akae nayo, hata kama miaka mingine ataipitia haraka.

Tarehe za vyeo utazipata kwenye London Gazette, gazeti la serikali lililotangaza teuzi za maofisa. Matoleo ya zamani yanasomwa bure mtandaoni. Tafuta jina la ukoo pamoja na kikosi, kisha fungua ukurasa wenyewe. Utakuta safu nyembamba za maandishi madogo: jina la kikosi, chini yake cheo kwa kifupi, jina la mtu, na tarehe. Andika tarehe hiyo. Ile ya juu ya ukurasa ni ya kuchapishwa, na wakati wa vita tarehe hizo mbili zingeweza kupishana kwa miezi. Chunguza pia kama cheo ni cha muda. Ofisa aliweza kuwa meja jenerali vitani huku cheo chake cha kudumu kikiwa cha chini, na vita vikiisha akarudi pale. Asiyeliona hilo ataandika kwamba mtu kashushwa kwa kosa, na hiyo ni dhuluma kwa marehemu.

Humohumo zimo ripoti za majemadari kwa serikali yao. Zisome, ila kumbuka ni mtu anaeleza kazi yake mwenyewe kwa mabosi wake. Smuts aliondoka akiwaaminisha watu kwamba vita vya huku vimekwisha kimsingi. Hoskins yeye alikuta askari wamedhoofishwa na malaria, farasi wamekufa kwa maradhi, mvua za 1917 zimefurisha mito, na chakula cha jeshi kinategemea vichwa vya wapagazi. Akaongeza vikosi vya KAR, akaomba wapagazi zaidi na magari. London ikamwona anachelewa. Kwa maoni yangu alionewa: aliyefuata alinufaika na maandalizi yake.

Sasa chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto tarehe za jenerali, kulia mambo ya huku kwetu. Kushoto ukiandika "anaomba wapagazi", kulia jiulize: watoke wapi? Ugogo Wajerumani walikwishachukua ng'ombe, nafaka na vijana, na Waingereza walipoingia nao wakachukua. Mvua zilipokatika ikaja Mtunya, njaa iliyoua watu wengi Ugogo kati ya 1917 na 1920. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wasifu usio na safu ya kulia mimi huurudisha.

Safu hiyo haijazwi kwa simu peke yake. Nenda kwa wazee, ila usiulize "Babu, unamjua Hoskins?" Toa shikamoo, kaa, acha habari za mvua na mifugo ziishe zenyewe, ndipo useme: "Babu, wazee wako walisimulia walikula nini wakati wa Mtunya? Nani katika ukoo alibebeshwa mizigo ya vita, na alirudi?" Kama anaongea Kigogo tu, mjukuu wake akusaidie. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na uulize aliyasikia kwa nani.

Pita pia kwenye makaburi ya vita hapa mjini, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nakili cheo, kikosi na tarehe ya kila jiwe, ulinganishe na karatasi yako. Mtu aliyekufa miezi mingi baada ya mapigano mara nyingi aliuawa na homa au kuhara. Kisha angalia nani hayupo. Mwaka 2021 tume hiyo iliomba radhi hadharani kwa sababu Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo, wapagazi hasa, hawakukumbukwa kwa majina yao kama wenzao Wazungu.

Yaliyobaki ya Hoskins yanatosha aya moja: aliongoza divisheni ya Lahore huko Mesopotamia na Palestina, akastaafu, akawa mkuu wa chuo Ashridge, akafariki 1942.

Ukimaliza, toa nakala umpelekee yule mzee, asomewe kabla kazi haijaja kwangu. Akikanusha jambo, usilifute kimyakimya. Andika pembeni alivyosema yeye, na karatasi za London zinavyosema.