Somo: Kujifunza Kiarabu mwenyewe, kuanzia alifu

Somo hili ni la anayeanza bila mwalimu. Nalenga Kiarabu fasaha, fus-ha, kile cha vitabu, magazeti na taarifa ya habari, kinachoandikwa Morocco kama kinavyoandikwa Iraq. Lahaja za mitaani tutazigusa kwenye maswali.

Msemaji wa Kiswahili haanzi patupu. Maneno mengi anayo, na jinsi kitenzi cha Kiarabu kinavyojengwa haitamshangaza sana. Kinachomwangusha ni koo na jicho: sauti asizozizoea, na maandishi yasiyoonyesha irabu. Nguvu ziende huko kwanza.

Hatua ya 1: Herufi

Ziko 28, huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto na kwa kuunganishwa. Utaambiwa kila herufi ina maumbo manne, mwanzo, katikati, mwisho na peke yake. Usitishike. Nyingi kiini chake ni kilekile, ila mkia hukatwa inapofuatwa na nyingine. Za kukariri mapema ni sita hizi: ا د ذ ر ز و. Haziungani na herufi inayozifuata, na usipozijua utasoma neno moja ukidhani ni mawili.

Zichukue kwa makundi ya sura. ب ت ث zinatofautiana kwa nukta tu, ج ح خ vivyo hivyo. Tatu nne kwa siku zinatosha, kwa kalamu na karatasi. Kidole kwenye simu hakifundishi mkono.

Na hapa sina mzaha: achana mapema na kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini. Humo ح na ه zote zinakuwa "h", na ukishazizoea hivyo kuzitenganisha baadaye ni kazi mara mbili. (Mimi humu naweka matamshi kwa Kilatini kwa sababu ndiyo kwanza tunaanza.)

Hatua ya 2: Koo

Hapa kaa, usipite haraka. Sauti za ث ذ غ ش wengi wetu tunazo tayari katika thelathini, dhahabu, ghali na shukrani. Wanafunzi wa lugha nyingine hutoka jasho kuzipata. Zetu za kututoa jasho ni hizi:

ح ni pumzi ya katikati ya koo, kama unapoipulizia miwani ukungu ili uifute. ع hutoka palepale lakini kwa sauti, koo likiwa limebanwa. Kiswahili kiliimeza ع na kuacha irabu tu, kama katika elimu na idadi, ndiyo maana masikio yetu huiruka. ق ni "k" ya nyuma kabisa, karibu na kimio. Kisha zipo nzito nne, ص ض ط ظ, ambazo ni س د ت ذ zikitamkwa ulimi wa nyuma umeinuka.

Zoezi zuri ni jozi za maneno:

قلب (qalb) moyo, كلب (kalb) mbwa
صيف (swayf) kiangazi, سيف (sayf) upanga
طين (twiin) udongo, تين (tiin) tini

Sikiliza msomaji wa habari, jirekodi ukitamka, kisha sikiliza zote mbili. Utajichukia siku chache. Ni kawaida.

Hatua ya 3: Irabu

Fatha ni a, kasra ni i, dhamma ni u, sukuni ni kutokuwapo kwa irabu, na shadda hukaza herufi iwe mbili. Fupi huandikwa juu au chini ya herufi. Ndefu huandikwa kwa ا و ي. Urefu hubadilisha maana: كَتَبَ (kataba) ni aliandika, كاتَبَ (kaataba) ni aliandikiana barua na mtu. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho kila wakati, basi jizuie.

Anza na hadithi za watoto zilizotiwa irabu zote. Magazeti hayazitii. Ukijiuliza watu huyasomaje, jibu ni hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Mizizi na mizani

Hiki ndicho kiini cha lugha yenyewe. Neno la Kiarabu kwa kawaida lina mzizi wa konsonanti tatu, nao humiminwa katika umbo maalumu. Tazama ك ت ب: kitabu, katibu, maktaba. Umezitumia miaka yote na zote ni mzizi mmoja wa kuandika.

Sasa tazama umbo. Maalumu, mashuhuri, mahabusu, marehemu. Kwa Kiarabu ni معلوم مشهور محبوس مرحوم, na zote zimo katika mizani ya مفعول (maf'uul), yaani aliyetendwa: aliyejulikana, aliyepewa umaarufu, aliyefungwa, aliyerehemewa. Ukiishika mizani hiyo, ukakutana na مكتوب bila irabu hata moja, utaisoma "maktuub" na utajua ni kilichoandikwa. Msomaji wa gazeti hufanya hivyohivyo.

Tahadhari na maneno yaliyobadilika njiani. رخيص, rahisi yetu, ni cha bei nafuu tu; jambo jepesi ni سهل. عروس, harusi yetu, ni bibi harusi mwenyewe, si sherehe. أجل, ajali yetu, ni muda uliowekwa, na kugongana kwa magari ni حادث. Yawekee ukurasa wake.

Hatua ya 5: Sentensi

"Ni" hakuna. الكتاب جديد ni "kitabu ni kipya", lakini الكتاب الجديد ni "kitabu kipya" tu, bado hujasema kitu. Alif na lam moja inaleta tofauti yote hiyo.

Kitenzi cha wakati uliopo huanza na alama ya nafsi, kama chetu: أكتب ninaandika, تكتب unaandika, يكتب anaandika, نكتب tunaandika. Jinsia ni mbili, ya kiume na ya kike. Aliyekulia kwenye ngeli asilalamike. Wingi ndio mkorofi, kwa kuwa mara nyingi hauna kanuni rahisi (كتاب kwa كتب, قلم kwa أقلام). Kariri umoja na wingi pamoja tangu siku ya kwanza.

Sarufi ya irabu za mwisho wa maneno iache mpaka uweze kusoma ukurasa mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ustadhi, nasoma Qurani tangu utotoni ila sielewi. Nirudi kwenye alifu?

Hapana, anza hatua ya 4. Ila jipime kwanza kwa maandishi yasiyo na irabu, wengi hukwama hapo. Pia maandishi ya Msahafu yana tahajia yake: الصلوة ya humo, vitabuni ni الصلاة.

Swali: Mkuu, nimejifunza miezi kadhaa, rafiki zangu Wamisri wakiongea natoka kapa. Nimepoteza muda?

Hujapoteza. Hao wanaongea amiya, yaani lahaja ya mitaani. Fus-ha "nini" ni ماذا, Misri ni إيه, Sham (Syria na jirani zake) ni شو. Chagua lahaja ya watu unaoongea nao, moja tu, ujifunze kwa sikio sambamba na fus-ha. Ukichanganya mbili mwanzoni hutapata hata moja.

Swali: Mwalimu, kwa nini ثلاثة كتب lakini ثلاث سيارات?

Hesabu ya 3 hadi 10 hupingana na jinsia ya kinachohesabiwa. Kitabu ni cha kiume, basi namba huvaa ة, alama ya kike. Gari ni la kike, namba huivua. Angalia jinsia ya umoja, si ya wingi.

Swali: Nimetafuta مكتبة kwenye kamusi, upande wa م, haimo. Kamusi mbovu?

Kamusi ni nzima. Nyingi hupangwa kwa mizizi, tafuta ك ت ب. Vua م ya mbele na ة ya nyuma, zibaki tatu. Zikibaki mbili na alifu katikati, kama قال, alifu hiyo imeficha و au ي: jaribu ق و ل kwanza, na hapo utaikuta.