Kujaza mapengo: funika chaguo kwanza

Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini karatasi zake za Kiswahili bado zafaa kwa mazoezi. Maswali 1 hadi 15 ni ya kujaza mapengo, na wengi huyakosa kwa kukimbilia A, B, C na D kabla ya kuielewa sentensi.

1. Funika chaguo kwa mkono, usome kifungu chote. Kidokezo cha pengo la kwanza huenda kiko sentensi mbili mbele.

2. Pigia mstari viunganishi na maneno yanayoeleza pengo, kisha taja neno lako mwenyewe. Tazama:

"Ingawa Mzee Juma ana mali tele, ni ______ kiasi cha kumnyima mgeni hata maji ya kunywa."
A. mkwasi B. fukara C. bahili D. mkarimu

"Ingawa" yaonyesha ukinzani, basi wengi huona "mali tele" wakachagua fukara. Ndio mtego wenyewe. Sentensi imeshasema ana mali, atakuwaje fukara? Kinachoamua ni "kumnyima mgeni". Hapo ungesema "mchoyo", na ukifunua chaguo, bahili ndilo lililo karibu nalo. Mkarimu hawezi kumnyima mgeni maji, na mkwasi halikinzani na mali.

Viunganishi vingine vina madai yake. "Sembuse" hutaka jambo zito zaidi: baiskeli hana, sembuse gari.

3. Maana ikikubali chaguo zaidi ya moja, tazama upatanisho wa kisarufi:

"Aliposikia habari za msiba, ______ ulimjaa moyoni."
A. huzuni B. majonzi C. simanzi D. uchungu

Kimaana yote yanafaa. Lakini huzuni na simanzi *ilimjaa*, majonzi *yalimjaa*. Kiambishi u- chataka uchungu. Mwenye msamiati mpana ndiye huponzwa hapa, kwa sababu anayajua yote manne.

4. Kwa tanakali za sauti, tafuta mahali kitendo kilipotendekea. Kuanguka majini ni chubwi, mchangani ni tifu.

5. Rudisha neno pengoni na uisome sentensi nzima kwa sauti ya chini. Katika sentensi za masharti, hakikisha -nge- imekutana na -nge-, na -ngali- na -ngali-: "Angalisoma, angalifaulu." Watunzi hupenda kuzichanganya.