Reykjavík au Ljubljana? Mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Wasafiri wanaopenda milima na maji kuliko makumbusho hujikuta mara nyingi wakisita kati ya miji hii miwili. Yote ni miji mikuu, Reykjavík wa Iceland na Ljubljana wa Slovenia, na yote ni midogo: Reykjavík ina watu kama 140,000, Ljubljana haifiki 300,000. Usichague kwa picha. Kwa picha Iceland itashinda kila mara, halafu ufike ushinde hotelini ukitazama mvua inayokuja kwa ubavu. Anza na swali hili: utaendesha gari?

Kama huendeshi, mimi ningekwenda Slovenia bila kusitasita. Ziwa Bled liko kilomita 55 hivi kutoka Ljubljana, na yapo mabasi yanayopita hapo na kuendelea hadi Bohinj, ziwa kubwa zaidi lililomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Triglav. Ikibidi kuchagua moja, chagua Bohinj. Bled ni zuri, sikatai, lakini Julai na Agosti utapigana vikumbo na watu njia nzima ya kulizunguka. Postojna unafika kwa basi au treni. Kwenye mapango yake unapandishwa kitreni cha wazi, kisicho na paa wala madirisha, kinachoingia nawe tumboni mwa mlima. Humo ndani ni nyuzijoto 10 mwaka mzima, na kitreni kikienda unapigwa na upepo usoni. Beba sweta hata kama nje watu wanatembea na kaptura.

Reykjavík bila gari inawezekana, ila utaona mambo kwa saa ya mwenye basi. Mabasi ya watalii huzunguka hifadhi ya Þingvellir, chemchemi za maji moto za Geysir na maporomoko ya Gullfoss kwa siku moja, na pale Geysir chemchemi iitwayo Strokkur hurusha maji yake juu kila baada ya dakika chache, kwa hiyo hata mwenye haraka haikosi. Ukitaka kwenda mbali zaidi kwa utaratibu wako, utahitaji usukani.

Na ukishika usukani Iceland, adui wa kwanza si baridi, ni upepo. Egesha gari likiwa limeuelekea, fungua mlango taratibu huku umeushika kwa mkono wote, na abiria afanye vivyo hivyo. Mlango ukinyakuliwa na upepo unapinda bawaba, na bima nyingi za magari ya kukodi hazigharamii uharibifu wa namna hiyo. Uliza pia kuhusu mchanga na majivu, maana bima yake huuzwa kando. Barabara zenye herufi F, zile za nyanda za juu, hufunguliwa kiangazi tu, na gari ambalo injini yake haisukumi magurudumu yote manne (4x4) haliruhusiwi humo. Kila asubuhi angalia tovuti za barabara na za hali ya hewa kabla ya kuwasha gari. Rasi ya Reykjanes, ambako ndiko uliko uwanja wa ndege wa Keflavík, imekuwa na milipuko ya volkano ya mara kwa mara tangu 2021, kwa hiyo taarifa za usalama uzisome hata kama huendi mbali.

Msimu nao unaamua mengi. Desemba, Reykjavík hupata mwanga wa jua kama saa 4 kwa siku. Juni usiku hauingii giza. Anayetaka kuona mianga ya kijani angani aende kati ya Septemba na Machi, na asiwekewe matumaini ya Juni na mtu yeyote. Ljubljana yenyewe hukaa bondeni, na ukungu wa vuli na baridi huweza kuufunika mji wakati milimani jua linawaka. Triglav, mlima wa mita 2,864, ni wa kupandwa kiangazi. Juni njia za juu bado huweza kuwa na theluji.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kupe. Misitu imefunika zaidi ya nusu ya Slovenia, na kupe wake hueneza ugonjwa wa Lyme pamoja na homa ya ubongo. Homa hiyo ina chanjo, lakini dozi zake huachana kwa wiki kadhaa, kwa hiyo zungumza na daktari mapema. Msituni vaa suruali ndefu, na jioni jikague.

Kuhusu pesa sitasema mengi: Iceland ni ghali, chakula na malazi vyote, na inatumia krona yake. Slovenia inatumia yuro na mfuko hupumua kidogo. Kama una siku nne tu, ningeiacha Iceland, kwa sababu huko siku moja huliwa na dhoruba kirahisi na inabidi uwe na ya akiba.

Nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ingawa Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya. Anayehitaji viza huomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, akiwa na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Pale ambapo nchi hiyo haina ubalozi, ombi huweza kupokelewa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen inayoiwakilisha, kwa hiyo jua kwanza ni upi kabla ya kutafuta miadi.