Usimjibu mwongozaji "chochote tu": jinsi ya kueleza unachotaka kuona Serengeti

Ninapowapokea wageni wa nyumbani, watu wa Dar, Mwanza au Nairobi, huwauliza kabla hatujaondoka Arusha: mngependa kuona nini? Wengi hunijibu, "Chochote tu kaka, wewe ndiye mwenyeji." Ni adabu, naielewa. Lakini Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, gari haliruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na giza likiingia lazima tuwe tumefika kambini. Ukiniambia "chochote", nitakupeleka yanakokwenda magari yote. Ukiniambia unachokitaka hasa, siku yako naipanga upya.

Hatua ya 1: Sema kabla ya kulipia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wanyama wanafuata mvua na majani, kwa hiyo unachotaka kuona ndicho kiamue mwezi na kambi. Nyumbu huzaa kati ya mwisho wa Januari na Machi, kwenye nyanda za kusini karibu na Ndutu. Kuvuka Mto Mara ni Kogatende, kaskazini kabisa, kwa kawaida kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba. Tembo kwa makundi makubwa, nenda Tarangire wakati wa kiangazi, maji yanapobaki mtoni tu. Faru, omba kushuka Kreta ya Ngorongoro mapema asubuhi, na uje na darubini, maana mara nyingi anaonekana kwa mbali.

Mgeni aliyelipia kambi ya Seronera, katikati ya hifadhi, mwezi wa nane, kumbe moyoni anataka kuona nyumbu wakivuka mto, atamaliza saa nyingi barabarani kwenda na kurudi. Mwambie anayekupangia safari sentensi moja tu: "Nataka kuona kitu hiki, nikae wapi, mwezi gani?"

Hatua ya 2: Hakikisheni mnamtaja mnyama yule yule

Tunaongea Kiswahili sote, lakini majina yanatuchanganya. Mama mmoja aliniambia anataka chui. Asubuhi nzima tukakagua matawi ya migunga na miegea kando ya Mto Seronera, mti kwa mti, mpaka shingo zikauma. Tulipompata, amelala na mkia unaning'inia, mama akaniambia kwa upole, "Siyo huyu mwanangu, nataka yule anayekimbia sana." Alimtaka duma. Duma anatafutwa uwandani, kwenye majani mafupi, siyo mitini.

Kwa hiyo ukitaja jina, ongeza alama. Chui ana madoa yaliyokusanyika kama maua, mwili mzito, na hupandisha windo lake mtini. Duma ana vidoa vilivyojaa, kiuno chembamba na michirizi miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni. Vivyo hivyo "mbwa mwitu": wengine wakisema hivyo humaanisha bweha. Na "swala" peke yake hainisaidii sana, kwa sababu yuko swala tomi, swala granti, swala pala, na digidigi naye huingizwa humo humo. Hujui jina? Nionyeshe picha kwenye simu.

Hatua ya 3: Taja tendo, siyo mnyama peke yake

"Nataka simba" na "nataka simba wakiwinda" ni safari mbili tofauti. Simba hulala sehemu kubwa ya mchana. Ukitaka kumwona tu, hata saa sita tunaweza kumkuta kivulini. Ukitaka kumwona akitembea, sema jana yake, tutoke saa 12 asubuhi na chakula cha asubuhi tukibebe. Duma naye huwinda mchana, lakini anahitaji subira: tunazima injini mbali kidogo, tunakaa, pengine saa mbili bila tukio lolote. Niambie kama uko tayari kwa hilo. Kuna wageni wanaofurahia kukaa na familia moja ya tembo asubuhi nzima, na kuna wanaochoka baada ya dakika kumi. Wote nawaheshimu, ila lazima nijue.

Hatua ya 4: Chagueni kimoja, na mseme mtakachoacha

Mkiwa familia, ongeeni usiku kabla. Nimeshaendesha gari ambalo baba anataka ndege, watoto wanataka viboko, na shangazi anataka kuwahi chakula cha mchana kambini. Mtu mmoja aniambie: "Leo chui kwanza, viboko wakipatikana itakuwa vizuri, chakula tutakula kwenye boksi." Hapo naweza kufanya kazi.

Hatua ya 5: Ndani ya gari, sema mapema na kwa sauti ya chini

"Simama" inatosha, kisha onyesha upande: kulia, kushoto, mbele ya ule mwamba. Usigonge paa wala usipige kelele. Ukihitaji kuchimba dawa, sema kabla hujabanwa, kwa sababu hatushuki popote tu. Lazima nitafute mahali pa wazi nipakague kwanza.

Mtasikia redio ya mawasiliano ya waongozaji, na nyinyi mtaielewa kuliko wageni wengine. Ikitajwa habari ya simba huko mbali, nitawauliza: twende au tubaki na huyu tuliye naye? Jibuni kweli. Mimi naona mara nyingi kubaki ni bora, maana tukifika kule tutakuta magari 15 na simba anaondoka.

Ila msiniombe niache barabara ili msogee karibu, hata kwa ahadi ya bakshishi. Ninaweza kupoteza kazi, na duma anaweza kukosa mlo wake wa siku.

Hatua ya 6: Jioni, kabla ya kuagana

Niambie mambo matatu: kilichokufurahisha, kilichokuchosha, na ambacho bado hujakiona. Ongeza na saa unayoweza kuamka. Usiku ule ule naongea na waongozaji wenzangu kambini, nawauliza nani ameona nini na wapi, na alfajiri nakuja kukugongea nikiwa najua tunaanzia mti gani.