Kipimo cha dawa kwenye futiboli ya vyuo Marekani: linda msimu wako kabla hujameza

Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani akikutwa na steroidi au dawa nyingine ya kuongeza nguvu kwenye kipimo cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, adhabu ya kwanza ni siku 365 nje ya mashindano, zikihesabiwa tangu siku aliyotoa mkojo, pamoja na kukatwa msimu mmoja wa haki yake ya kucheza. Akikutwa mara ya pili, haki yote iliyobaki inakwisha. Asipotokea kwenye kipimo, au akikataa, anahesabiwa amekutwa. Akijaribu kuichezea sampuli, anapoteza misimu isiyopungua 2.

Ukali huo una msingi mmoja: kilichomo kwenye mkojo wako ni chako, hata kama hukujua kimeingiaje. Kwa hiyo utetezi wenye uzito ni ule uliouandaa mapema, yaani swali uliloliuliza, jibu ulilolitunza na faili la daktari lililofika chuoni kwa wakati. Mwongozo huu ni kwa kijana anayecheza na kwa mzazi anayemfuatilia, awe Minneapolis, Houston au Nairobi.

Kwanza jua ni kanuni za nani

Una kanuni za ngazi tatu juu yako, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni NCAA, iliyoanza kupima kwenye mashindano ya ubingwa na mechi za bowl (mechi maalumu za mwisho wa msimu) mwaka 1986. Matunda yake yalionekana haraka: Brian Bosworth wa Oklahoma, mmoja wa wachezaji mashuhuri kabisa wa ulinzi wakati ule, alizuiwa kucheza Orange Bowl ya Januari 1987 baada ya kukutwa na steroidi. Upimaji wa mwaka mzima kwa futiboli ulianza 1990. Leo kazi ya kukusanya sampuli inafanywa na kampuni ya Drug Free Sport International ya Kansas City. Division I na Division II, yaani madaraja mawili ya juu kati ya matatu ya NCAA, hupimwa mwaka mzima, likizo ya kiangazi ikiwemo. Division III hupimwa kwenye mashindano ya ubingwa.

Ngazi ya pili ni konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, kwa kuwa baadhi zina vipimo vyake. Ya tatu ni chuo chenyewe, na hapa ndipo tofauti zilipo kubwa. NCAA haikilazimishi chuo kuwa na mpango wake wa kupima, lakini vingi vya Division I vinao, na kila kimoja kimejiandikia ngazi za adhabu. Muundo wa kawaida ni huu: mara ya kwanza ushauri nasaha, mzazi kujulishwa na vipimo vya kurudia, mara ya pili kukosa mechi kadhaa, mara ya tatu kuondolewa. Usiuchukue kama ndio wa chuo chako. Kuna vyuo vinavyokata mechi tangu mara ya kwanza.

Kukutwa kwenye kipimo cha chuo hakukuletei moja kwa moja zile siku 365 za NCAA. Utaadhibiwa kwa kanuni za chuo. Wala hilo si jambo jepesi. Tyrann Mathieu wa chuo cha LSU, aliyekuwa miongoni mwa waliofika fainali ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2011, aliondolewa kwenye timu Agosti 2012 kwa kukiuka kanuni za timu yake mwenyewe.

Fanya hivi wiki ya kwanza ya kambi ya Agosti: omba kwa idara ya michezo nakala ya sera ya chuo ya kupima dawa, na kama konferensi ina yake, omba na hiyo. Soma sehemu nne: idadi ya ngazi za adhabu, kama makosa hufutwa baada ya muda fulani, nani hupewa majibu, na kama kuna njia ya kujitokeza mwenyewe. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana kwa mwenye tatizo la kweli. Vyuo vingi humruhusu mchezaji kuomba msaada mara moja bila adhabu, ila lazima awahi kabla hajaarifiwa kwamba amechaguliwa kupimwa. Ukishapigiwa simu ya kipimo, mlango huo umefungwa.

Nakala ya sera ina faida nyingine. Chuo kikishaiandika, nacho kinafungwa nayo. Mwaka 2015 NCAA ilikiadhibu chuo cha Syracuse, na moja ya makosa yaliyotajwa ni kutofuata sera yake chenyewe ya kupima dawa. Ukiona hatua imerukwa kwenye kesi yako, taja kifungu na ukurasa.

Kila mwaka utatia saini fomu ya NCAA ya kukubali kupimwa, na bila saini hiyo huchezi. Isome kabla ya kusaini. Wengi husaini kwenye meza moja na karatasi za bima na za picha za timu, halafu baadaye wanashangaa kwamba walikubali kupimwa hata mwezi Julai.

Virutubisho, yaani makopo na unga

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pengine popote. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho hahitaji kuithibitishia serikali kwamba bidhaa yake ni salama kabla ya kuiuza. Kopo linaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye lebo, ama kwa makusudi ili mteja aone nguvu haraka, ama kwa sababu mashine iliyosaga bidhaa nyingine haikusafishwa vizuri. NCAA haina kirutubisho hata kimoja ilichokiidhinisha. Muuzaji akikwambia "hii imepitishwa na NCAA", rudisha kopo kwenye rafu.

Will Grier alikuwa anaongoza mashambulizi ya chuo cha Florida mwaka 2015, timu haijafungwa, alipofungiwa mwezi Oktoba. Alieleza kwamba alikuwa ametumia bidhaa ya dukani bila kuwauliza waganga wa timu. Alihamia West Virginia, adhabu ikaenda naye, na hakucheza tena hadi msimu wa 2017. Desemba 2018 ikawa zamu ya chuo cha Clemson. Wachezaji watatu, akiwemo Dexter Lawrence, walikutwa na chembe ndogo za ostarine, dawa ya kujenga misuli, na kukosa Cotton Bowl. Sampuli B, yaani nusu ya pili ya mkojo uleule inayotunzwa kwa uhakiki, zilithibitisha, na rufaa ya wale waliobaki chuoni ilikataliwa mwaka 2019. Udogo wa kiasi haukuwasaidia.

Kabla ya kununua, geuza kopo usome nyuma. Kitu kimoja kilichokatazwa huandikwa kwa majina mengi: ostarine ni MK-2866, ni enobosarm. Methylhexanamine ni DMAA, na mara nyingine hufichwa kama mafuta ya geranium. Synephrine huandikwa bitter orange au Citrus aurantium. Higenamine hutokea sana kwenye unga wa kunywa kabla ya mazoezi. DHEA huuzwa madukani kama vitamini lakini ni ya kundi la steroidi. Ukikuta maneno "proprietary blend", mtengenezaji hajakuambia kiasi cha kila kitu, na hiyo peke yake inatosha kuliacha kopo hilo. Kutokuona jina kwenye orodha ya NCAA si kinga, kwani orodha hutoa mifano tu, na chochote chenye uhusiano wa kikemia na kundi lililokatazwa kimekatazwa pia.

Baada ya kusoma, uliza. Kila chuo lazima kiwe na mtu aliyeteuliwa kujibu maswali ya virutubisho na dawa. Kwa kawaida ni mtaalamu wa tiba au wa lishe wa timu. Kocha wa viungo na mchezaji mwenzako si watu hao. Uliza kwa barua pepe, uambatishe picha ya lebo nzima na namba ya toleo iliyopigwa chapa karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pia unaweza kutafuta kwenye Drug Free Sport AXIS, huduma ambayo chuo hukupa namna ya kuingia. Hifadhi majibu mahali ambapo hutayapoteza ukibadilisha simu.

Kama umeruhusiwa, chagua bidhaa yenye alama ya NSF Certified for Sport au Informed Sport, ambayo maana yake ni kwamba maabara huru imeipima. Hatari inapungua, haiishi. Nunua makopo mawili ya toleo moja na moja usilifungue kabisa. Kesi ikitokea, kopo lililokwisha funguliwa halina thamani kubwa kama ushahidi, kwa sababu yeyote angeweza kuweka kitu ndani.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina mpaka: mikrogramu 15 za kafeini kwa mililita ya mkojo. NCAA hukadiria kwamba ni sawa na miligramu 500 hivi, zikinywewa saa 2 au 3 kabla ya mechi. Kahawa tupu ni vigumu kukufikisha hapo. Unga wa mazoezi, juu yake kopo la kinywaji, juu yake vidonge vya kafeini, vinaweza.

Dawa za daktari, na zile zinazotoka nyumbani

Dawa za mafua zenye pseudoephedrine au phenylephrine zinaruhusiwa na NCAA. Dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo inaruhusiwa ukiandikiwa na daktari. Dawa za umakini kama Ritalin na Adderall zimo kwenye kundi la vichangamshi vilivyokatazwa, lakini zina msamaha wa kitabibu, na msamaha huo unategemea faili. Chuo kinapaswa kuwa na ripoti ya uchunguzi kamili, utambuzi wa ugonjwa, vipimo vya shinikizo la damu na mapigo ya moyo, maelezo kwamba dawa zisizokatazwa zilifikiriwa, dozi unayotumia, na ukaguzi wa daktari wa kila mwaka. Chupa ya duka la dawa yenye jina lako haitoshi. Testosterone na dawa za homoni ni suala zito zaidi: NCAA lazima ikubali kabla hujaanza kucheza ukizitumia.

Ukienda likizo Mombasa, Dar au Goma, mambo mawili. Tramadol imo kwenye kundi la dawa za kulevya zilizokatazwa. Kama hospitali imekupa baada ya jeraha, omba barua yenye jina la daktari, tarehe, sababu na siku za matumizi, uipeleke kwa waganga wa timu siku unayorudi. Miraa nayo iache kabisa. Ina kathinoni, kichangamshi kilicho kwenye daraja kali zaidi la dawa haramu kwa sheria ya shirikisho ya Marekani. Unga wa mizizi au mafuta yasiyo na lebo, hata yametoka kwa bibi kwa nia njema, hayana jinsi ya kukaguliwa na mtu wa chuo. Mshukuru bibi, usiyameze.

Siku ya kipimo

Utaarifiwa ana kwa ana au kwa simu, na utapewa saa ya kufika. Nenda na kitambulisho chenye picha. Usinywe lita za maji njiani. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji, unaoonyesha kama umezimuliwa, ukiwa chini ya 1.005, sampuli inatupwa na unabaki pale, saa baada ya saa, hadi utoe inayofaa. Vinywaji vya "kusafisha mwili" vina balaa mbili, vinazimua mkojo, na baadhi vina dawa za kukojosha ambazo nazo zimekatazwa.

1. Chagua mwenyewe kopo lililofungwa na ukague lakiri. Ikiwa imekatika, omba jingine.
2. Utakojoa ukiangaliwa na mkusanyaji wa jinsia yako. Hakuna njia ya kukwepa hili.
3. Usiachie kopo mkononi mwa mtu mwingine wala usiliache mezani hadi lifungwe.
4. Angalia sampuli ikigawanywa kwenye chupa A na B, na namba za chupa zilingane na za fomu. Maabara hupelekewa namba tu, haijui jina lako.
5. Jambo lisilo sawa liandike kwenye fomu palepale kabla ya kusaini. Saini maana yake ni kwamba hukuwa na malalamiko.

Bangi

Juni 2024 NCAA iliiondoa bangi kwenye orodha yake kwa Division I. Vijana wengi wamesikia hapo wakaacha kusikiliza. Chuo chako bado kinaweza kuipima na kuadhibu kwa sera yake. Na kwa asiye raia wa Marekani kuna hatari kubwa kuliko mechi yoyote. Sheria ya shirikisho bado inaihesabu bangi kuwa haramu, hata katika jimbo inakouzwa dukani, na sheria ya uhamiaji hufuata ya shirikisho. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au kadi ya kijani anaweza kupata matatizo kwa kukiri tu mbele ya afisa. Kabla ya kuandika maelezo yoyote ya kukiri kutumia, hata kwa kocha, zungumza na wakili wa uhamiaji.

Ukikutwa

Sampuli A ikitoka vibaya, chuo ndicho kinachoarifiwa kwanza. Una haki ya kuwepo au kuwakilishwa chupa B inapofunguliwa. Itumie, angalau kuhakikisha namba na lakiri. Rufaa ya NCAA hupelekwa na chuo, na muda wake ni mfupi, kwa hiyo siku hiyohiyo kusanya barua pepe zako, picha za lebo, kopo lisilofunguliwa na barua za daktari. Usichapishe kitu mtandaoni.

Mzazi, usishangae chuo kikikataa kuzungumza nawe. Mwanao akishaingia chuoni, kumbukumbu zake ni zake kisheria. Kwa aliye chini ya miaka 21 chuo kinaruhusiwa kukuambia kuhusu kosa la dawa, lakini hakilazimiki. Mwombe asaini ridhaa ya maandishi tangu Agosti.

Chuo kikitaka kupunguza au kufuta ufadhili, lazima kikupe kwa maandishi nafasi ya kusikilizwa, na wasikilizaji wasiwe idara ya michezo. Barua hiyo huwa na tarehe ya mwisho. Jibu kabla yake. Kama uko kwa viza ya F-1, kufungiwa na timu hakugusi viza yako, lakini kupunguza masomo chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote kunaigusa, basi pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuacha somo lolote. Na siku 365 zikiisha hutarudi uwanjani hivihivi. Utapimwa tena kwanza, na lazima uwe safi, kwa hiyo panga kipimo hicho na chuo wiki kadhaa kabla ya mechi unayoilenga.