Jinsi ya kupima kama mitaa ya mji inaungana
Fungua OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, chagua kipande cha katikati ya mji na kingine cha pembezoni, ukubwa uwe sawa. Kwenye kila makutano hesabu matawi: njia panda yenye matawi manne andika 4, yenye matatu andika 3, mwisho wa barabara isiyopenya andika 1. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya sehemu ulizoandika namba, upate wastani. Mitaa ya mistari mraba, kama ya Manhattan, New York, iliyopangwa mwaka 1811, hupanda kuelekea 4. Vitongoji vya barabara zisizopenya hushuka chini ya 3.

Mimi wastani peke yake haunitoshi. Huchagua nyumba mbili zinazopakana kwa nyuma, kisha nafuata barabara mlango hadi mlango. Majirani wa ukuta mmoja wakitenganishwa na kilomita nzima, hapo gari limeshakuwa lazima. Vijia vya miguu navyo vihesabu, ramani nyingi huviruka.