Pikipiki inayoenda maonyesho mara ya kwanza: anzia chini, tangi liwe la mwisho

Wengi wanaopeleka pikipiki kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya magari na pikipiki maridadi kama Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, hung'arisha tangi wiki nzima. Jaji anafika, anachutama, anachungulia chini ya madigadi, na udongo mwekundu wa mvua iliyopita bado uko palepale. Tenga wikendi mbili, na uanze na sehemu chafu.

Hatua ya 1: Kufungua

Piga picha kila upande. Toa waya hasi wa betri, kisha kiti, vifuniko vya ubavuni na tangi. Boliti zipange kwenye trei ya mayai, kila shimo na namba yake. Boliti za vifuniko vya injini hazilingani urefu: ndefu ikiingia mahali pa fupi, itagota ndani na kupasua alumini.

Hatua ya 2: Kuosha

Injini iwe baridi. Ziba mdomo wa egzosi kwa glavu ya mpira na raba bendi (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na glavu hukaza vizuri zaidi hata hivyo). Grisi ya cheni na sproketi itoe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Petroli usiguse: hukausha raba, na cheche moja yatosha. Mashine ya presha nayo iache, kwani husukuma maji ndani ya bearingi za magurudumu na kutoa grisi. Ndoo na sabuni zinatosha.

Hatua ya 3: Chuma na alumini

Hapa ndipo muda mwingi huishia. Kutu nyepesi kwenye kromu hutoka kwa kipande cha foili ya jikoni, kama sentimita 5, kilicholoweshwa maji. Sugua polepole, kausha, paka nta siku hiyohiyo. Vishimo vya kutu havitoki, usivikazanie.

Plastiki iliyoyeyukia egzosi isubiri hadi tangi na betri virudi: toa glavu, washa injini dakika 2, zima, kwangua kwa kijiti cha mbao.

Vifuniko vya alumini vyenye madoa ya manjano kwa kawaida vina vanishi ya kiwandani iliyochakaa. Ukipaka polishi juu yake utapoteza siku nzima. Itoe kwanza kwa dawa ya kutolea rangi, kisha msasa wa maji namba 400, 800, 1500, halafu polishi ya chuma kwa kipande cha fulana ya pamba. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 400 hujificha kivulini na kujitokeza juani, yaani mbele ya jaji.

Hatua ya 4: Rangi

Osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Ng'arisha kipande kidogo kwa wakati, ukikagua kwa tochi ya simu iliyolazwa pembeni. Stika zisizofunikwa na vanishi zikwepe, hufutika. Rangi isiyong'aa haipakwi nta.

Hatua ya 5: Kufunga

Fuata picha na trei. Kaza cheni kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, na uipake mafuta siku 2 kabla, ukifuta yanayozidi. Ukipaka asubuhi yatarukia rimu uliyoisugua. Tairi ni sabuni na maji tu. Dawa ya kung'arisha ikifika kwenye kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara), kona ya kwanza itakuangusha.

Siku yenyewe

Ipeleke kwa pikapu, na kila mkanda unapogusa pikipiki uwekee kitambaa. Beba vitambaa 3 vya maikrofaiba, spiriti na pamba za masikio kwa ajili ya mapezi ya injini (vibamba vyembamba vya kuipoza). Kabla ya kuwasha, futa egzosi kwa spiriti: alama za vidole zikishachomwa na joto hubaki kama madoa. Na beba kibao cha sentimita 15 kwa 15 cha kuweka chini ya stendi, maana nyasi zikiwa na umande stendi huzama, na pikipiki hulala upande ule ule uliouhangaikia.